Mtaa Mzima kwa Anwani Moja

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wizara ya Fedha ilikuwa imejaribu kuhamishia hesabu zake kwenye mashine za ICL ya Uingereza, kazi ikavurugika, fedha zikapotea, na wakubwa wakaona heri mlango ufungwe kuliko kuendelea kulipia kitu kilichowashinda. Marufuku hiyo ililegea taratibu katika miaka ya 1980. Leo wachache wanaikumbuka. Lakini ukitaka kujua kwa nini simu iliyo mkononi mwa muuza chipsi wa Mbagala Rangi Tatu haina anwani yake yenyewe kwenye intaneti, hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu miaka ile mlango wetu ulipokuwa umefungwa ndiyo miaka anwani za intaneti zilipoanza kugawiwa, tena bure.

Mgawaji alikuwa Marekani. Mnamo 1977 Vint Cerf, aliyekuwa akisimamia majaribio ya mitandao kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, aliamua kwamba kila anwani iwe na urefu wa biti 32. Wenzake walikuwa wanabishana: wengine walitaka biti 128, wengine walitaka urefu unaobadilika kwa kadiri ya haja. Cerf amesimulia mara nyingi tangu hapo kwamba alikata shauri kwa sababu aliona jambo lenyewe ni jaribio tu. Itifaki yenyewe, yaani kanuni za kompyuta kuzungumza, ikachapishwa Septemba 1981, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa wizara hiyo, ARPANET, ukahamia huko moja kwa moja. Biti 32 zinatoa anwani 4,294,967,296. Idadi ya watu duniani ilikwishazidi hapo, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hesabu haikumtosha kila mtu. Hakuna aliyejali, maana hakuna aliyefikiri kila mtu angekuja kuomba.

Waliokuja mapema walipakuliwa kwa sinia. Chuo cha MIT kilipata fungu zima la anwani 16,777,216. Kampuni za Ford na Apple nazo zilipata mafungu ya ukubwa huohuo. Sensa yetu ya 2012 ilihesabu watu 1,775,049 katika Wilaya ya Kinondoni na 1,368,881 katika Wilaya ya Temeke, kabla Ubungo na Kigamboni hazijamegwa. MIT peke yake ingeweza kumgawia kila mmoja wao anwani tano, mtoto mchanga akiwemo, na bado ikabaki na akiba ya zaidi ya milioni moja.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi walianza kuona sinia linakwisha. Tiba ya kudumu ilikuwa kuandika itifaki mpya yenye anwani ndefu zaidi, na kazi hiyo ilianza. Ndiyo tunayoiita IPv6, iliyochapishwa kwanza Desemba 1995. Ila itifaki mpya inataka kila rauta na kila kompyuta ibadilike, na kitu kinachotaka watu wote wabadilike kwa pamoja huchukua muda. Paul Tsuchiya na Tony Eng walikuwa wameshapendekeza njia ya mkato Januari 1993: anwani zitumike tena na tena. Tsuchiya, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Paul Francis, alishirikiana na Kjeld Egevang, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi Denmark, na Mei 1994 wakatoa waraka namba 1631 wa jumuiya ya wahandisi wa intaneti. Kurasa kumi tu. Humo walieleza kifaa kinachokaa mpakani mwa mtandao wa ofisi na kubadilisha anwani za pakiti, yaani vipande vya data, zinazotoka na kuingia. Wenyewe waliandika wazi kwamba ni suluhisho la muda mfupi. Muda mfupi huo sasa umepita miaka thelathini.

Miezi miwili kabla yake, Machi 1994, waraka mwingine ulikuwa umetenga mafungu matatu ya anwani ambazo mtu yeyote angeweza kuzitumia ndani kwake bila kumwomba mtu: zinazoanza na 10, zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, na zile maarufu zinazoanza na 192.168. Sharti lake ni moja, zisionekane nje. Wapo waliopinga kwa maneno makali. Julai mwaka huohuo walitoa waraka wao wakisema msingi wote wa intaneti ni kwamba anwani moja haiwi na wenye wawili popote duniani, na kwamba ukishauvunja msingi huo hujui utakaloangusha. Walikuwa na hoja. Lakini waliopinga walikuwa watu wenye anwani za kutosha, na ni rahisi kutetea usafi wa nyumba ukiwa na vyumba vya ziada. Mafungu yale matatu yakathibitishwa Februari 1996, na rauta zinazouzwa leo mitaa ya Kariakoo zinakuja nayo kutoka kiwandani.

Jinsi ufundi huu unavyofanya kazi, Mtanzania anaujua bila kufundishwa, kwa sababu ya S.L.P. Kwa miongo mingi tarishi wa Posta hakuja nyumbani kwako Tandale. Barua yako ilikwenda sanduku la shule, la msikiti, la parokia au la ofisi anakofanya kazi mjomba, na juu ya bahasha palikuwa na jina lako. Karani alichukua mzigo wote wa sanduku moja, akasoma majina, akagawa. Rauta inafanya hivyo. Kompyuta yenye anwani 192.168.0.15 ikituma pakiti kwenda nje, rauta inafuta anwani hiyo ya mtumaji na kuandika anwani yake ya hadharani. Pia inaipa safari hiyo namba yake, inayoitwa poti, tuseme 40007, na kuandika kwenye jedwali lake kwamba 40007 ni ya ile kompyuta ya 15. Jibu likirudi kwa 40007, rauta inatazama jedwali, inarudisha anwani ya ndani na kulipeleka panapohusika. Namba za poti ziko 65,536, kwa hiyo anwani moja ya hadharani inaweza kubeba maelfu ya mazungumzo kwa wakati mmoja.

Tofauti iko sehemu moja, nayo ni kubwa. Barua ya mgeni usiyemjua ilikufikia, maana jina lako lilikuwa juu ya bahasha. Pakiti ya mgeni haina jina. Ikifika kwenye rauta bila wewe kuwa umeanza mazungumzo, jedwali halina mstari wake, na inatupwa. Aliye ndani anaweza kwenda popote, lakini hatembelewi. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua sura ya intaneti tuliyoipata Dar es Salaam.

Intaneti yenyewe ilifika kwa kuchelewa na kwa mafungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Muhimbili walikuwa na barua pepe kupitia HealthNet, mradi wa shirika la SatelLife la Boston uliotumia satelaiti ndogo inayopita angani na kuchukua ujumbe kisha kuushusha mbele ya safari. Januari 1994 shirika la posta na simu liligawanywa, kampuni ya simu ya TTCL ikazaliwa. Kuanzia 1996 zikaja kampuni za kuuza intaneti: CyberTwiga, Raha, Africa Online na nyingine. Sauti ilikuwa ya TTCL peke yake, lakini biashara ya data ilipewa leseni za pembeni, na kampuni hizo zikajenga madishi yao ya kuelekea angani.

Dishi lilikuwa ghali kupita maelezo. Kabla ya mikongo ya baharini, megabiti moja kwa sekunde iligharimu maelfu ya dola kila mwezi, na pakiti ililazimika kupanda kilomita zipatazo 36,000 hadi kwenye satelaiti na kushuka tena, ndipo jibu lirudi kwa njia hiyohiyo. Zaidi ya nusu sekunde inakwisha kabla hujaona herufi. Anwani zenyewe zilitoka mbali pia. Afrika haikuwa na rejesta yake ya kugawa anwani. Kusini mwa ikweta tulihesabiwa chini ya ARIN ya Marekani, kaskazini chini ya RIPE NCC ya Amsterdam. Mara nyingi mteja mdogo wa dishi hakuomba kwa rejesta yoyote. Alipewa kijifungu cha anwani na kampuni ya satelaiti, anwani chache tu, au moja, na ukizitafuta kwenye orodha ungeambiwa ziko Ulaya.

Sasa mtu mwenye anwani moja, dishi la dola maelfu na wateja wenye shilingi mia tano afanye nini? Ajibanze. Hapo ndipo waraka wa Egevang na Francis ulipokutana na Mwenge, Sinza, Magomeni na Temeke.

Intaneti kafe za kwanza zilikuwa mjini, Posta na kandokando yake, kwa sababu laini za simu za mezani zilikuwa huko. Ukivuka Mtoni kwa Aziz Ali kuelekea Mbagala, simu ya mezani ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo kafe za pembezoni zilitegemea redio: antena juu ya paa ikitazama jengo refu la mjini, hewani bila waya. Ndani ya kafe palikuwa na kompyuta kuukuu zilizoshushwa bandarini kwa makontena, na moja kati ya hizo ilifungwa kadi mbili za mtandao. Kadi ya kwanza ilitazama nje. Ya pili ilitazama kompyuta nyingine zote. Kuanzia 1999, toleo la pili la Windows 98 lilikuja na uwezo wa kugawa intaneti ndani yake: ukiweka alama kwenye kisanduku kimoja, mashine ile inajipa anwani 192.168.0.1 na kuanza kuwatafsiria wenzake. Waliokuwa na fundi hodari walitumia Linux, iliyoifanya kazi hiyohiyo bila kuganda kila baada ya saa chache. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akajifunza kazi hii kwa kutazama, na wengi wa mafundi wa mitandao wa jiji hili walianzia hapo, siyo darasani.

Hesabu ya mwenye kafe ilikuwa rahisi. Kompyuta kumi kwa anwani moja. Shilingi 1,000 kwa saa, baadaye 500, baadaye chini ya hapo ushindani ulipozidi. Wateja walikuja kufungua Yahoo na Hotmail, kutafuta shule za nje, kusoma habari za mpira wa Uingereza. Bahati nasibu ya viza za Marekani ilipohamia mtandaoni kabisa mwishoni mwa 2003, kafe zilipata msimu wake wa mavuno kila mwaka, picha za pasipoti zikipigwa palepale ukutani. Mgawo wa umeme wa 2006 uliwaumiza sana wenye kafe. Jenereta lilikula faida yote na baadhi wakafunga. Waliobaki walijigeuza: kuchapa, kutoa nakala, kupiga lamineti, na kuanzia 2010, Tume ya Vyuo Vikuu ilipoanza kupokea maombi ya udahili kwa mfumo wa pamoja wa mtandaoni, kuwajazia vijana fomu za chuo.

Wakati huo hata jirani alikuwa mbali. Barua pepe ya mtu wa Kariakoo aliyetumia kampuni moja, ikienda kwa mtu wa Mwenge aliyetumia kampuni nyingine, ilipanda angani, ikashuka Ulaya au Marekani, ikapanda tena. Kampuni za intaneti zilipoungana na kuweka kituo cha kubadilishana data cha TIX jijini mwaka 2004, safari hiyo ikafupika ikawa ya ndani ya Dar es Salaam.

Kizuizi cha kutotembelewa kilianza kuuma watu walipotaka kuongea. Kupiga simu kwa intaneti hakukuruhusiwa mpaka upekee wa TTCL ulipokwisha Februari 2005, ingawa vyumba vya nyuma vya kafe vilikuwa na siri zao. Tatizo la kiufundi lilikuwa kwamba mtu wa Sinza yuko nyuma ya rauta, binamu yake wa Muscat naye yuko nyuma ya rauta, na kila rauta inatupa pakiti za mgeni. Nani aanze? Skype, iliyotoka Agosti 2003, iliondokana na hilo kwa ujanja: wote wawili wanatangulia kuongea na kompyuta ya tatu iliyo wazi mtandaoni, kila rauta inaandika mstari kwenye jedwali lake, kisha kompyuta hiyo inampa kila mmoja namba ya poti ya mwenzake, nao wanaingiliana kupitia matundu hayo yaliyokwisha kufunguka. Pale ujanja unaposhindikana, sauti yote hupitishwa kwenye kompyuta iliyo katikati. Simu za WhatsApp tunazopiga leo zinafuata njia zilezile. Karibu kila programu ya mawasiliano iliyofanikiwa katika jiji hili imelazimika kumiliki seva kubwa mahali fulani, na mwenye seva ndiye anayejua nani kaongea na nani. Wale waliopinga mwaka 1994 walikuwa wameonya kwamba kuna kitu kitaanguka.

Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulizinduliwa, na mwaka mmoja baadaye ukafuata wa EASSy. Bei ya kwenda nje ikaporomoka. Nchi nayo ikajenga mkongo wake wa taifa uliosimamiwa na TTCL. Lakini kilichouingiza mtaa kwenye intaneti hakikuwa waya. Ilikuwa laini ya simu. Kwanza modemu za kuchomeka kwenye kompyuta, halafu simu janja za Kichina za bei nafuu. Takwimu za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, za mwishoni mwa 2017 zilionyesha watumiaji wa intaneti takriban milioni 23 nchini. Neno lililotawala likawa bando.

Na hapo ndipo tafsiri ya anwani ilipohama kutoka chumba cha nyuma cha kafe na kwenda kwenye mitambo ya kampuni za simu. Bara letu lilikuwa limepata rejesta yake, AFRINIC, yenye makao Mauritius, iliyotambuliwa rasmi Aprili 2005 baada ya juhudi za watu kama Nii Quaynor wa Ghana na Adiel Akplogan wa Togo. Ghala la dunia likakauka tarehe 3 Februari 2011: mafungu matano ya mwisho yakagawanywa, moja kwa kila rejesta. Afrika nzima iliishia na anwani takriban milioni 120 kwa watu zaidi ya bilioni moja. Aprili 2012 wahandisi wakatenga fungu jingine, linaloanza na 100.64, lenye anwani milioni nne na ushee, mahsusi kwa kampuni kubwa zinazotaka kutafsiri anwani za wateja wao wote kwa jumla. Ukifungua mipangilio ya simu yako ukaona anwani inayoanza na 10 au 100 na kitu, uko humo.

Hesabu za kampuni ni hizi. Anwani moja ina poti 65,536. Ukiacha zile 1,024 za mwanzo na kumpa kila mteja poti 1,000, anwani moja inahudumia wateja 64. Tangu Januari 2020, AFRINIC ilipoingia hatua ya mwisho ya kubana matumizi, mwombaji hapati zaidi ya anwani 1,024 kwa wakati mmoja. Hizo, kwa hesabu hiyo, ni wateja elfu 65 hivi. Ukitaka zaidi, nunua sokoni kwa dola, au bana poti.

Kinachokera ni kwamba hata hicho kidogo hakikulindwa. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba anwani za Afrika zilikuwa zikihamishwa kinyemela na kuuzwa nje, na ukaguzi wa AFRINIC yenyewe uliotoka 2021 ulikuta zaidi ya milioni nne zimechezewa. Kisha zikaja kesi. Julai 2021 akaunti za benki za rejesta hiyo zilizuiwa na mahakama ya Mauritius katika mgogoro na kampuni ya Cloud Innovation, na 2023 ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Kijana wa Tandika anayeambiwa na tovuti athibitishe kwamba yeye si roboti, kwa sababu watu 60 wengine wanatumia anwani yake, hawezi kujua kuwa kesi yake inasikilizwa Port Louis.

Serikali, kwa upande wake, ilikuwa na swali jingine: nani kaandika nini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa 2015. Desemba 2016 Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alikamatwa na kufikishwa Mahakama ya Kisutu, moja ya mashtaka likiwa la kuzuia uchunguzi kwa kutotoa taarifa za watumiaji ambazo polisi walizitaka. Mjadala wa umma ulihusu uhuru na siri za watu, na ulistahili. Hakuna aliyesema sana kuhusu upande wa kiufundi, kwamba anwani ya mtumiaji wa simu wa Dar es Salaam, ikiwa peke yake, haionyeshi mtu. Inaonyesha kampuni ya simu. Kumpata mtu mmoja nyuma yake kunahitaji anwani, namba ya poti, na saa kamili hadi sekunde, na seva nyingi haziandiki poti. Waraka wa wahandisi wa Juni 2011 uliwaasa wenye seva waiandike, wengi hawakusikia. Ulaya wana shida hiyohiyo: Oktoba 2017 Europol ililalamika hadharani kwamba wachunguzi wanajikuta na anwani moja na kundi la watu wasiohusika.

Sisi tulijibu kwa kanuni. Machi 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizofahamika zaidi kwa ada za leseni za wenye blogu. Pembeni palikuwa na kifungu kuhusu intaneti kafe. Mwenye kafe aweke kamera za ulinzi. Amwandikishe kila mteja kwa kitambulisho. Kumbukumbu zitunzwe miezi kumi na miwili. Na kompyuta zote zinazotumiwa na umma zipewe anwani za hadharani za kudumu.

Nimekisoma kifungu hicho mara kadhaa nikijaribu kumwona aliyekiandika. Si mjinga. Alielewa vizuri kwamba anwani ya pamoja inaficha mtu, na alichotaka kilikuwa na mantiki yake: kompyuta namba tano iwe na anwani yake, ionekane dunia nzima kuwa ni namba tano. Lakini alikuwa anadai anwani kumi kutoka kwa mtu wa Mwananyamala aliyeanza biashara kwa sababu anwani moja ilitosha kompyuta kumi, mwaka ambao ghala la Afrika lilikuwa limeingia kwenye mgawo. Zaidi ya hapo, kompyuta yenye anwani ya hadharani haina tena ule ukuta wa jedwali. Kila mdudu wa mtandaoni anaweza kugonga mlango wake, na Windows za kafe za uswahilini hazikuwa na kinga ya kuvumilia hilo. Kanuni zile zilifutwa na nyingine mwaka 2020. Na kafe zenyewe zilikuwa zimebaki chache, kwa kuwa wateja walikuwa wameshahamia kwenye simu, ambako hakuna aliyedai kila mteja apewe anwani.

Huko serikali ilipata njia nyepesi zaidi. Kuanzia Mei 2019 laini zote zilianza kusajiliwa upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, na Januari 2020 zile ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Foleni za NIDA za Desemba ile kila mtu anazikumbuka. Tangu hapo mtu anajulikana kwa kidole. Anwani ya mtandao imeachwa iwe ya wote.

Mafundi wa kamera ndio wanaoishi na matokeo yake kila siku. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Tegeta anafungiwa kamera nne na kinasa cha Kichina, kisha anataka kuliona duka lake akiwa safarini Mbeya. Kwa taratibu za zamani fundi angefungua poti kwenye rauta na kumpa anwani. Siku hizi rauta ni ya laini ya simu, anwani yake inaanza na 10, na juu yake kuna mtambo wa kampuni ambao fundi hana ruhusa ya kuugusa. Anwani ya kudumu inauzwa kwa wateja wa biashara, kwa bei ambayo mwenye duka akiisikia anacheka. Kwa hiyo fundi anapiga picha msimbo wa QR uliobandikwa chini ya kinasa. Kinasa kinajiunga chenyewe na seva za kiwanda, simu ya mwenye duka inajiunga na seva hizohizo, wanakutana huko. Duka la Tegeta linatazamwa kutoka Mbeya kwa msaada wa seva ya mtengenezaji, ambayo mwenye duka hajui hata iko nchi gani.

Mwaka 2022 nyumba zilipata anwani. Operesheni ya Anwani za Makazi ilipeleka vijana mitaani na simu za kunasa viwianishi, vibao vya majina ya barabara vikasimikwa Manzese na Yombo, namba zikabandikwa kwenye milango. Msimbo wa posta wa Kinondoni unaanza na 14, wa Temeke na 15. IPv6 ingeweza kufanya hivyo kwa kila simu na kila kinasa cha kamera, na namba zake hazitakwisha kwa vizazi vyote tunavyoweza kuvifikiria. Hapa kwetu matumizi yake yamebaki madogo, kwa kuwa anayetakiwa kugharamia mabadiliko ni kampuni ambayo jedwali lake tayari linafanya kazi.

Kinachokua haraka ni Wi-Fi za vocha. Kijana wa Temeke ananunua rauta ya MikroTik, anaichomeka kwenye faiba au kwenye rauta ya laini ya simu, anafunga antena juu ya bati na kuuza vocha za mia tano. Simu ya mteja inapata anwani inayoanza na 192.168.88, iliyowekwa na kiwanda. MikroTik inaitafsiri kwenda anwani ya rauta ya pili. Rauta ya pili inaitafsiri kwenda anwani ya ndani ya kampuni. Mtambo wa kampuni unaitafsiri mara ya tatu, na huko ndiko inakotokea anwani ambayo dunia inaiona, ileile ya watu wa Kigogo, Bunju na pengine Morogoro. Video inacheza, M-Pesa inapita, simu ya WhatsApp inaita baada ya kusita kidogo. Michezo ya mtandaoni inayotaka wachezaji wakutane ana kwa ana inagoma, na vijana wamejifunza kuiacha.

Ukimuuliza mwenye antena ni nani alikuwa na poti 40007 jana saa mbili usiku, atakuonyesha orodha ya vocha alizouza, maana anachohifadhi ni mauzo. Mstari wa jedwali wenyewe unafutwa dakika chache baada ya mazungumzo kukoma, na poti ile inapewa mteja mwingine.